Kibarua Kikiota Nyasi, Programu Nayo Huota Nyasi

Leo nataka tuzungumzie nyama. Si nyama choma, ingawa kusema kweli ile unayoagiza Jumamosi ni misuli ya mbuzi tu, na mengi nitakayoeleza hapa yanamhusu mbuzi huyo pia. Nataka tuwaangalie watu wanaochunguza seli za misuli katika maabara, aina ya ajira waliyo nayo, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaotafuta ugali kwa kuandika programu.

Asiye na muda achukue hoja yangu sasa hivi aende nayo. Sayansi ya misuli siku hizi inategemea programu za tarakilishi, na nyingi kati ya hizo huandikwa na watafiti wa mkataba mfupi. Mkataba ukiisha mtafiti huondoka, na programu yake hufa. Wengine hulaumu uzembe wa mtu. Mimi nalaumu mpango wa ajira, na mpango uliowekwa na watu unaweza kubadilishwa na watu.

Postidoki ni nani?

Ukihitimu shahada ya uzamivu katika biolojia, kwa kawaida hupewi uprofesa papo hapo. Kwanza unaajiriwa katika maabara ya profesa fulani, miaka miwili au mitatu hivi, mara nyingi kwa pesa za ruzuku ambayo profesa huyo ameiomba. Huyu ndiye mtafiti wa baada ya uzamivu. Mimi nitamwita postidoki, kwa kufuata jina wanalomwita maabarani. Si mwanafunzi tena, wala si mwajiriwa wa kudumu. Ndiye anayekuza seli, anayekata vipande vya misuli, anayekesha kwenye hadubini, na mara nyingi ndiye anayeandika makala ya kisayansi. Ruzuku ikiisha anafunga virago, aende mji mwingine, pengine nchi nyingine. Kwa lugha ya mtaani, ni kibarua mwenye shahada tatu.

Usimdharau kibarua huyu. Hugh Huxley alipata uzamivu wake Cambridge mwaka 1952, kisha akavuka bahari kwenda MIT, Marekani, kwa ufadhili wa muda. Huko akakutana na Jean Hanson wa King's College London, naye akiwa mgeni. Huxley alijua eksirei na hadubini ya elektroni. Hanson alijua kuangalia nyuzi za misuli kwa hadubini ya mwanga. Wakaunganisha ujuzi wao, na tarehe 22 Mei 1954 jarida la Nature likachapisha matokeo. Katika toleo hilo hilo kulikuwa na makala ya Andrew Huxley (jina moja tu, si ndugu) na Rolf Niedergerke, yenye jibu lile lile lililopatikana kwa njia nyingine.

Jibu lenyewe ni hili. Nyoosha vidole vya mikono yote miwili, uvipishanishe kidogo kwenye ncha, kisha sukuma mikono ikaribiane. Umbali kati ya viganja umepungua, lakini hakuna kidole kilichofupika. Vidole vimeteleza tu, kila kimoja kati ya vingine. Msuli hufanya hivyo hivyo. Nyuzi za protini ya aktini na nyuzi za miosini huteleza zikipishana ndani ya chumba kidogo kinachoitwa sakomea, chenye urefu wa mikromita mbili na nusu hivi. Katika milimita moja ya msuli uliotulia, sakomea kama 400 zimepangwa mstari mmoja. Ukiinua kikombe cha chai, kazi inafanywa na mamilioni ya vyumba hivyo.

Misuli na tarakilishi ni marafiki wa zamani

Mwalimu wa Hugh Huxley kule Cambridge alikuwa John Kendrew. Yeye alitaka kujua umbo la mioglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya misuli na kuipa nyama rangi yake nyekundu. Picha za eksirei zilimpa namba nyingi kuliko zinavyoweza kupigiwa hesabu kwa kalamu. Kwa bahati nzuri chuo chake kilikuwa na EDSAC, tarakilishi iliyoanza kufanya kazi mwaka 1949. Mwaka 1952 Kendrew na John Bennett walichapisha maelezo ya namna ya kuzipiga hesabu hizo kwa mashine hiyo. Umbo la kwanza la mioglobini likatoka mwaka 1958, lililo wazi zaidi mwaka 1960, na mwaka 1962 Kendrew akapata tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Max Perutz.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba programu ni kitu kilichokuja juzi kuipamba biolojia, mwambie kwamba protini ya kwanza kabisa kujulikana umbo lake ni ya misuli, na bila programu isingejulikana wakati ule.

Kuhesabu nyuzi

Sasa tuje kwenye kazi ya kila siku ya postidoki wa misuli. Anachukua msuli wa mguu wa panya, anaugandisha, anaukata kwa upana vipande vyembamba vya mikromita 10 hivi. Ukikitazama kipande kwa hadubini unaona seli za misuli zimebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Kila punje ni uzi mmoja uliokatwa, yaani seli moja ndefu yenye viini vingi. Anapaka rangi zinazong'aa: moja inaonyesha mipaka ya kila uzi, nyingine inaonyesha aina ya uzi, nyingine inaonyesha viini.

Kisha maswali yanaanza. Nyuzi ziko ngapi? Kila moja ina ukubwa gani? Zipi ni za kasi na zipi ni za ustahimilivu? Ngapi zina kiini katikati badala ya pembeni? Swali hili la mwisho ni muhimu, kwa sababu katika panya kiini kilicho katikati ni dalili kwamba uzi uliumia ukajengwa upya. Mafundi wa ujenzi huo ni seli ndogo zinazokaa kando ya uzi zikisubiri ajali. Alexander Mauro aliziona kwa hadubini ya elektroni na kuzieleza mwaka 1961.

Kipande kimoja kinaweza kuwa na nyuzi zaidi ya elfu moja. Zidisha kwa idadi ya panya, zidisha kwa idadi ya misuli, zidisha kwa majaribio ya miaka mitatu. Hakuna jicho la binadamu litakalofanya kazi hiyo kwa haki.

Mwanaprogramu ukisoma hapo unaona tatizo unalolifahamu: tafuta mipaka, pima eneo, gawa makundi, toa jedwali. Na wao wameliona. Mwaka 2014 ilichapishwa SMASH, inayotumia MATLAB. Mwaka 2018 zikaja MyoVision na MuscleJ, hii ya pili ikiendeshwa ndani ya Fiji. Nyingine zimefuata. Zote zinafanya kazi zinazokaribiana sana. Hizo ni zile zilizopewa jina na kuchapishwa. Chini yake kuna skripti zisizo na jina, zilizoandikwa usiku mmoja na postidoki aliyechoka kuhesabu, zikabaki kwenye kipakatalishi chake, na kipakatalishi kikahama naye.

Kwa nini kila mtu aanze upya? Si kwa sababu hawajui kutafuta mtandaoni. Ni kwa sababu ya malipo. Postidoki akiandika programu mpya anapata makala, na makala ndiyo inayomtafutia kazi ijayo. Akirekebisha programu ya mwenzake hapati makala, na miaka yake mitatu inahesabika. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Halafu programu si jiwe. Usipoiguse, dunia iliyo chini yake husogea. Python 2 iliacha kutunzwa rasmi Januari 2020. Skripti ya maabara iliyoandikwa kwa Python 2 mwaka 2012 huenda ilikuwa sahihi kabisa, na bado ukiiendesha leo kwa Python ya sasa inakwama, pengine kwenye mstari wa kwanza wenye print. Aliyeiandika yuko mji mwingine, kwenye kazi nyingine, na hana sababu ya kukujibu barua pepe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna hasara gani?

Utaniuliza, programu ya kuhesabu punje za panya ikifa, nani atalia?

Fikiria ugonjwa wa Duchenne. Humpata zaidi mtoto wa kiume, mmoja kati ya takriban 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Misuli yake inadhoofika tangu utotoni, na wengi huacha kutembea wakikaribia au wakiingia ujana. Chanzo ni kukosa protini inayoitwa distrofini, ambayo husaidia utando wa seli ya msuli usichanike msuli unapovuta. Protini hiyo ilitambuliwa mwaka 1987 katika maabara ya Louis Kunkel kule Boston, na mwandishi wa kwanza wa makala ile, Eric Hoffman, alikuwa postidoki. Vibarua wetu tena.

Mwaka 2016 Marekani ilikuwa inaamua kama iruhusu dawa ya eteplirsen kwa baadhi ya watoto hao. Hoja kuu ilikuwa kwamba dawa inarudisha distrofini, na sehemu ya ushahidi ilitokana na kuhesabu ni nyuzi ngapi zinang'aa kwenye vipande vya misuli ya wagonjwa. Wakaguzi wa FDA, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, walieleza walichokikuta. Picha zilikuwa hafifu. Zilisomwa na fundi mmoja tu, kwenye skrini ya zamani, katika chumba chenye madirisha ambacho mwanga wake haukudhibitiwa. Jua likipanda karibu na adhuhuri, ilimbidi asimamishe kazi kwa sababu haoni. Picha ziliposomwa upya na watu watatu ambao hawakujua ipi ni ya nani, matokeo yalikuwa ya chini sana kuliko ya kwanza.

Dawa iliruhusiwa Septemba 2016, baada ya mabishano makali ndani ya mamlaka yenyewe. Kwa kipimo kingine kilicho makini zaidi, wastani wa distrofini baada ya wiki 180 za matibabu ulikuwa asilimia 0.93 ya kiwango cha mtu mwenye afya.

Simlaumu fundi yule. Alikaa na kazi aliyopewa, kwa vifaa alivyopewa. Wala sidai kwamba programu ni uganga. Picha hafifu itaipotosha programu pia. Lakini programu iliyopimwa, yenye picha za majaribio ambazo jibu lake linajulikana, itatoa jibu lile lile asubuhi na adhuhuri, na mtu mwingine anaweza kuiendesha akaona kama anapata hesabu hiyo hiyo. Mzazi anayengoja dawa anastahili angalau hilo.

Zilizodumu zina siri gani?

Zipo programu za maabara zilizodumu. Ziangalie vizuri.

ImageJ ilianzishwa na Wayne Rasband mwaka 1997, ikitokana na NIH Image aliyoianza mwaka 1987. Rasband alikuwa mwajiriwa wa NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani. Hakuwa na mkataba wa miaka mitatu. Aliijibu dunia nzima, akarekebisha kasoro mwaka baada ya mwaka, na hata baada ya kustaafu mwaka 2010 aliendelea. Fiji, inayotumika sana katika maabara za misuli, imejengwa juu ya ImageJ.

CellProfiler ilianzishwa na Anne Carpenter akiwa postidoki katika Taasisi ya Whitehead, pamoja na Thouis Jones, mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi wa MIT. Makala yake ilitoka mwaka 2006. Hiyo nayo ingeweza kufa Carpenter alipoondoka. Haikufa, kwa sababu alipata maabara yake katika Taasisi ya Broad, akaajiri wanaprogramu wa kuitunza. Ilianza kwa MATLAB, ikaandikwa upya kwa Python, na toleo la nne likahamia Python 3. Programu isiyo na mwenyewe haihami nyumba mara mbili namna hiyo.

Siri yake basi ni kuwa na kwao. Mtu analipwa kuitunza, na mtu huyo hafungi virago kila ruzuku ikiisha.

Kuna wenye majibu tofauti. Profesa mmoja husema, "Nimepewa pesa nichunguze misuli, si nitunze programu." Lakini profesa huyo huyo hulipia matengenezo ya hadubini kila mwaka bila kulalamika, kwa sababu anajua hadubini isiyotengenezwa hudanganya. Programu isiyotengenezwa hudanganya pia, tena kimya kimya, bila hata kutoa moshi.

Wengine husema akili mnemba imeshamaliza tatizo, tuna Cellpose na nyinginezo. Ni kweli Cellpose ni nzuri ajabu kutafuta mipaka ya seli. Lakini nayo ni programu. Inahitaji maktaba zinazobadilika, inahitaji mtu wa kuthibitisha kwamba ilichokiita uzi ni uzi kweli, na mara nyingi huzungukwa na skripti ya postidoki inayogeuza mipaka kuwa jedwali. Skripti ile ndiyo ninayoililia.

Nini kifanyike?

Mimi naona mambo manne.

Kwanza, anayetoa ruzuku adai programu kama anavyodai data. Sera ya NIH iliyoanza Januari 2023 inataka mpango wa kutunza na kushirikisha data. Ni hatua nzuri, lakini msisitizo wake ni data. Data bila msimbo ulioitafuna ni nusu ya hesabu.

Pili, maabara ziajiri wanaprogramu wa kudumu. Uingereza walianza mwaka 2012 kuipa kazi hii jina, mhandisi wa programu za utafiti, ili mtu aweze kupanda cheo kwa kutunza programu bila kulazimika kujifanya mwanabiolojia. Si lazima kila maabara iwe na wake. Idara nzima inaweza kushirikiana mmoja.

Tatu, pesa za kutunza zitengwe mbali na pesa za kuanzisha. Mwaka 2019 Chan Zuckerberg Initiative ilianza kutoa ruzuku kwa programu huria ambazo sayansi tayari inazitegemea, na hilo ni jambo la kuigwa. Serikali ndizo zilizochelewa.

Nne, postidoki mwenyewe aache daftari. Leseni huria, maelezo ya kurasa mbili, na picha tatu za mfano pamoja na majibu yake sahihi. Hiyo ni kazi ya siku mbili. Mfumo haukulipi kwa siku hizo mbili, najua. Ndiyo maana nimeiweka ya nne.

Na sisi huku je?

Mwanasayansi Bengt Saltin wa Sweden, aliyekuwa akifanya kazi Copenhagen, alikuja Kenya na wenzake kuwachunguza wakimbiaji wetu. Walichukua vipande vidogo vya misuli ya miguu ya Wakenya na ya wakimbiaji wa Skandinavia wakavilinganisha, na mwaka 1995 wakachapisha. Waliodhani Mkenya ana nyuzi za ajabu walisikitika, maana mgawanyo wa aina za nyuzi haukutofautiana sana. Kimeng'enya kimoja kinachosaidia kuchoma mafuta ndicho kilichokuwa juu zaidi kwa Wakenya. Sina ugomvi na utafiti ule. Ninachosema ni kwamba misuli ilitoka huku, na mikono iliyoipima ilitoka kwingine.

Sababu moja ni gharama. Maabara ya misuli inataka hadubini za bei ya nyumba, friji za baridi kali, na umeme usiopotea. Lakini sehemu ya programu haitaki hayo. ImageJ imeandikwa kwa Java, lugha ambayo wengi wetu tulifundishwa chuoni. CellProfiler ni Python. Msimbo wake uko wazi mtandaoni, orodha ya kasoro zake iko wazi, na picha za majaribio unaweza kuzipakua. Kijana wa Eldoret au Kisumu mwenye kipakatalishi cha mtumba anaweza kurekebisha kasoro ambayo postidoki wa Boston hana muda nayo, na jina lake likabaki kwenye historia ya msimbo.

Ila nisiwadanganye. Kujitolea peke yake hakutajenga nyumba. Tukiingia kama vibarua wa bure, tutakuwa tumeongeza vibarua tu katika mfumo ambao tayari unaishi kwa vibarua. Vyuo vyetu vinapoanzisha vituo vya utafiti wa afya, viweke nafasi ya mwanaprogramu wa kudumu tangu bajeti ya kwanza, kando ya nafasi ya fundi wa maabara. Ni rahisi kupanga hivyo mwanzo kuliko kufukua skripti za watu walioondoka.

Haya, mimi nimemaliza. Wewe unayeandika programu, umewahi kurithi msimbo wa mtu asiyejibu barua pepe? Na wewe uliye maabarani, skripti yako iko wapi usiku huu? Semeni nanyi.